Kiwanda cha Vipodozi Kikiuzwa, Jina Lina Bei Gani?

Likitajwa suala la kubinafsisha kiwanda, watu huanza kuulizia mitambo. Ni ya mwaka gani, inazunguka au imekufa, paa la ghala linavuja, kiwanja kina ekari ngapi. Ndivyo nchi hii ilivyouza viwanda vyake tangu miaka ya tisini, na ndivyo mazungumzo yanavyokwenda hapa Kigoma kila linapoibuka wazo la kiwanda cha sabuni na mafuta ya kujipaka: Serikali ijenge, ikishajenga imkabidhi mwekezaji. Naona tunaanzia mkiani. Kiwanda cha vipodozi hakifanani na kiwanda cha saruji. Mapipa ya kuchanganyia yananunulika popote, na fundi wa kuyaendesha anapatikana. Kinachomfanya mama aache mkebe mmoja dukani na kunyanyua wa jirani yake ni jina lililoandikwa juu. Hilo jina ndilo mali kubwa kuliko zote zilizomo kiwandani, na anayekiuza bila kulipigia hesabu amegawa mali ya watu bure.

Ushahidi wangu wa kwanza unatoka mbali na Ziwa Tanganyika, ingawa hapa mjini Kigoma hakuna duka Mwanga wala Ujiji lisilouza mkebe wake wa bluu. Nivea ilizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1911, chini ya kampuni ya Beiersdorf. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kampuni hiyo ilipoteza haki ya jina lake katika nchi nyingi, Poland ikiwa mojawapo. Kiwanda kilichokuwa Poznań kikataifishwa, kikaingizwa katika kundi la viwanda vya umma vya sabuni na vipodozi vilivyobeba jina la Pollena, na kikaendelea kutengeneza Nivea kama mali ya taifa. Miongo kadhaa watu wa Poland walijipaka Nivea ambayo faida yake haikuvuka mpaka kwenda Hamburg.

Mfumo wa kikomunisti ukaanguka mwaka 1989, na viwanda vya umma vikaanza kutafutiwa wanunuzi. Mwaka 1997 Beiersdorf wakainunua Pollena-Lechia ya Poznań. Hebu tujiulize walifuata nini. Krimu waliivumbua wao wenyewe, wakemia walikuwa nao, na viwanda vingine walikuwa navyo. Bila kuinunua Pollena-Lechia wasingeweza kuuza Nivea kwa watu wa Poland, kwa sababu jina lilikuwa mali ya kiwanda kile. Kampuni iliyolizaa jina ililazimika kulilipia ili lirudi nyumbani. Na kiwanda cha Poznań hakikugeuzwa ghala. Kipo hadi leo, kinatengeneza Nivea. Aliyekuwa upande wa muuzaji alishika kitu ambacho mnunuzi hakuweza kukipata kwingine, na hapo ndipo bei na masharti hupatikana.

Si kila Pollena ilikuwa na bahati hiyo. Kiwanda cha Bydgoszcz kilichukuliwa na Unilever mapema kabisa, mwaka 1991, wakati kila kitu Poland kilikuwa kinauzwa kwa haraka. Kwa muda sabuni ya unga ya Pollena 2000 iliendelea kuuzwa na kutangazwa kwenye televisheni, kisha majina ambayo Unilever huyauza dunia nzima yakatawala rafu. Kiwanda kikabaki na ajira zikabaki, lakini jina la wenyeji likafifia. Kwa mfanyakazi wa kiwandani, hilo huenda si msiba. Kwa nchi iliyolijenga jina lile kwa vizazi viwili, ni mali iliyoyeyuka.

Kuna jambo jingine la Poland ambalo ningependa kila diwani wa mkoa huu alijue. Sheria yao ya ubinafsishaji ya mwaka 1990 iliwapa wafanyakazi haki ya kununua hadi asilimia 20 ya hisa za kampuni yao kwa nusu ya bei. Mtu aliyekuwa akifunga mifuniko ya chupa aliingia kwenye mauzo akiwa mnunuzi. Hapa kwetu, mfanyakazi wa shirika lililouzwa alisubiri mafao yake, na wengine waliyasubiri mpaka wakazeeka wakiyafuatilia.

Tuje nyumbani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliipa Serikali njia kuu za uchumi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya tisini mashirika ya umma yalikuwa yamepita 400. Mengi yalikuwa hoi. Sheria ikatungwa mwaka 1992, ikaundwa tume ya kuyarekebisha na kuyauza, ile iliyozoeleka kwa herufi zake PSRC, ikafanya kazi hadi mwisho wa mwaka 2007. Ukitazama yaliyouzwa utaona mgawanyiko ambao sijasikia ukizungumzwa vya kutosha. Kampuni ya Bia iliyopata mbia kutoka Afrika Kusini mwaka 1993 ilikuwa na Safari, jina ambalo mnywaji aliliita kwa mapenzi. Kampuni ya Sigara iliyouzwa mwaka 1995 ilikuwa na Sportsman, na nyuma yake tumbaku ya Urambo. Zote mbili zilisimama, zikapanuka, na hisa zake zikaja kuuzwa kwa wananchi kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Sisemi jina peke yake liliziokoa. Ulinzi wa soko ulikuwepo, na mtaji ulikuja. Ila mwekezaji aliyelipia jina ana hofu moja nzuri: asipozalisha mwaka mmoja, alichokilipia kinaoza. Mnywaji atahamia kwingine na hatarudi.

Sasa tazama Kiwanda cha Nyuzi cha Tabora. Mkoa una pamba Igunga na Nzega, una reli, una watu. Kiwanda kilijengwa na umma, kikabinafsishwa, kikasimama miaka mingi, huku kila kiongozi anayefika Tabora akiulizwa habari zake. Nyuzi hazina jina dukani. Hakuna mteja wa Mwanza aliyekuwa akiingia dukani na kuomba uzi wa Tabora kwa jina. Kwa hiyo mnunuzi wa kiwanda cha namna hiyo hapotezi kitu chochote akizima mitambo. Kiwanja kinapanda bei kikiwa kimelala. Hati inaweza kuwekwa dhamana benki. Chuma chakavu kina soko. Mambo haya matatu yakiwa yanalipa kuliko uzalishaji, usitegemee uzalendo wa mtu kuendesha mashine.

Ndiyo maana nasema kwa Kigoma suala hili limekuja wakati wake. Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipolivalia njuga zao la michikichi, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha mbegu za tenera, na miche imesambazwa kwa wakulima, vikosi vya JKT na magereza. Tenera huanza kuzaa ikiwa na miaka kama mitatu, na mafuta yake ni mengi kuliko dura, michikichi ya babu zetu yenye kokwa kubwa na nyama nyembamba. Mafuta ya kula ndiyo shabaha ya mpango wote, kwa sababu nchi inaagiza mengi kutoka nje. Sawa. Lakini kila tunda la mchikichi lina mafuta mawili: mawese yaliyo kwenye nyama, na mise yaliyo ndani ya kokwa. Mise ndiyo roho ya sabuni nzuri na mafuta ya nywele. Hapo hapo mkoani kuna chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa kutoka kwenye chemchemi zile karne nyingi kabla ya Mjerumani kufika, na mgodi wake nao uliwahi kuwa wa umma kabla ya kubinafsishwa. Tabora wana nta ya nyuki, inayotiwa kwenye krimu na rangi za midomo. Malighafi ya kiwanda cha vipodozi imetuzunguka.

Nenda Mwandiga, hapa hapa Kigoma, asubuhi utaona kiwanda chenyewe kilivyo kwa sasa. Mama mmoja ninayemfahamu anachemsha mawese kwenye pipa lililokatwa, moto mkali, mpaka wekundu uishe na mafuta yageuke rangi ya mchanga. Moshi wake unawasha macho, na watoto hufukuzwa mbali. Kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ameiyeyusha kwenye maji tangu jana kwenye ndoo ya plastiki, kwa kuwa ikiyeyushwa leo inakuwa ya moto na sabuni inakatika. Anachanganya mawese na mise, anamimina kostiki taratibu kama uzi, na binti yake anakoroga kwa mti mrefu, upande mmoja tu, bila kupumzika, mpaka uji uwe mzito. Kisha unamiminwa kwenye sanduku la mbao lililotandikwa nailoni. Kesho yake wanaikata kwa waya uliofungwa vijiti pande mbili. Vipande vinatoka sawasawa, pembe kali, harufu ya mise bado ikisikika. Hiyo ndiyo gwanji, sabuni iliyofulia nguo za mkoa huu na kuogesha watoto wake.

Nilimuuliza mbona haigongi mhuri. Akaniambia, "Mwanangu, tajiri wa Kahama hataki mhuri wangu. Anasema ikija na mhuri haichukui." Tajiri huyo huja na lori, hupakia vipande vitupu, na huko aendako huviweka kwenye katoni yenye jina lake. Sabuni hiyo hiyo, iliyopikwa na mama huyu, inauzwa ikiwa na mzazi mwingine. Bei aliyolipwa Mwandiga ni bei ya mafuta na kuni, na kajuu kadogo ka jasho. Faida ya jina inaliwa Kahama. Tukijenga kiwanda kikubwa bila kulitunza jina, tutakuwa tumehamishia hali hii kwenye jengo lenye uzio.

Ng'ambo ya ziwa yapo ya kujifunza pia. Mwaka ule ule wa 1911 Nivea ilipozaliwa, Mwingereza William Lever alifunga mkataba na Serikali ya Ubelgiji uliompa nafasi ya kuchukua hadi hekta 750,000 za michikichi nchini Kongo, kwa ajili ya sabuni zake za Sunlight. Kampuni yake ndiyo iliyokuja kuungana na Waholanzi na kuwa Unilever. Karibu karne nzima Kongo ilitoa mawese, jina likakaa Uingereza, na mwaka 2009 Unilever wakayauza mashamba yale kwa kampuni nyingine wakaondoka. Sunlight hawakuiuza pamoja na mashamba. Mfanyabiashara mzoefu anajua kipi cha kuuza na kipi cha kubaki nacho.

Najua kuna watakaoniambia natamani viwanda vya Serikali virudi. Hapana. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya themanini wanakumbuka sabuni ilivyokuwa ya kugawiwa, foleni kwenye maduka ya RTC, kampuni za biashara za mikoa, na ya ushirika, mtu anatoka na kipande kimoja akikificha ndani ya khanga. Viwanda vya umma vilikuwepo, na sabuni haikuwepo. Hakuna fedha za kigeni za kununua kemikali, hakuna vipuri, meneja anateuliwa kwa barua na kuondolewa kwa barua. Miaka ile gwanji ya Kigoma ilisafiri kwa treni hadi kwa watu ambao siku za neema wasingeigusa. Kwa hiyo kubinafsisha sikupingi. Ninachopinga ni kuuza kwa macho yaliyofumbwa.

Kwa vipodozi kuna sababu nyingine ya kufumbua macho, nayo ni ngozi za watu. Mkoa wetu unapakana na Burundi na Kongo. Kupitia Manyovu, Kibirizi na vijia visivyo na idadi, huingia krimu za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umehamia TBS, shirika la viwango la nchi, na maofisa wake wanakamata na kuteketeza, lakini krimu zinarudi. Zinarudi kwa sababu zina majina yanayopendwa na mkebe wenye picha nzuri. Dada anayejipaka mkorogo anaona uso wake uking'aa mwezi wa kwanza, halafu ngozi inakuwa nyembamba, inaungua jua, inatoa madoa meusi ambayo hayafutiki. Zebaki inafika kwenye figo. Nimewaona wasichana wa mtaani kwetu wakifunika mashavu kwa mtandio kwa aibu ya madoa hayo, na inaniuma. Jina la Kigoma linaloaminika, lililopimwa, lenye mafuta ya mise na nta, lingekuwa mshindani halisi wa takataka hizo kwenye meza zile zile za soko. Mnunuzi wa kiwanda anaponunua jina la namna hiyo anapaswa kununua na wajibu wake: kipimo cha maabara kwa kila toleo, na akikutwa ameingiza kemikali iliyokatazwa, jina linarudi kwa umma siku hiyo hiyo.

Sharti bila msimamizi ni karatasi, na watu wa Kigoma hatuhitaji kufundishwa hilo. Reli yetu ilikodishwa mwaka 2007 kwa kampuni ya RITES ya India iliyopewa asilimia 51. Mwaka 2011 Serikali ikairudisha. Katikati hapo kila aliyekuwa akisafirisha dagaa na mawese kwenda bara anajua alivyohangaika kupata behewa. Mkataba ulikuwepo, tena mrefu. Wananchi waliokuwa wakiitegemea reli ile hawakuwahi kuusoma, na ulipokwenda kombo hawakuwa na kifungu cha kushika.

Basi likija wazo la kiwanda, ningependa lije hivi. Jina lisajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kabla tofali la kwanza halijawekwa, na mwenye jina awe chombo ambacho ndani yake wamo wakulima wa michikichi, wapika sabuni wa Mwandiga na Ujiji, na halmashauri zetu. Kiwanda kiendeshwe na anayejua biashara, awe mtu binafsi, awe mgeni, sina neno. Alipie jengo na mitambo kwa bei ya soko. Jina asiuziwe. Akodishwe, na alipie kila mwaka kwa kadiri anavyouza, na haki ya kulitumia iishe yenyewe akisimamisha uzalishaji kwa muda utakaoandikwa. Hapo atakayezima mitambo ili alinde kiwanja atabaki na kuta.

Mtu wa fedha atasema hakuna mwekezaji atakayekubali kutangaza jina ambalo si lake. Hoja hiyo ina uzito na nimeifikiria sana. Lakini majina yanakodishwa kila siku duniani, na wenye viwanda vya kujaza soda wanatumia majina yasiyo yao, wanatajirika. Kinachowavutia ni soko lililo tayari. Kazi ya umma ni kulijenga soko hilo kwanza, hata kwa udogo: mhuri mmoja kwenye gwanji ya mkoa mzima, kipimo kimoja cha kostiki ili sabuni isichune mikono, alama ya TBS ambayo wajasiriamali wadogo wanaopitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, hupata nafuu ya gharama zake, na katoni yenye neno Kigoma. Hilo halihitaji kusubiri mwekezaji wala bajeti ya wizara. Mama yule wa Mwandiga akipata mhuri unaojulikana Kahama, tajiri wake atauliza bei upya.

Na hisa. Poland walitenga asilimia 20 kwa wafanyakazi. Sisi tuna kundi kubwa kuliko wafanyakazi wa kiwandani, yaani wakulima wa chikichi na wakamuaji, ambao bila wao mitambo inakauka. Watengewe sehemu, wauziwe kwa nafuu, na walipe kwa kukatwa kidogo kidogo kwenye mzigo wanaoleta, kama vyama vya msingi vinavyokata kwenye tumbaku Tabora. Tofauti iwe kwamba makato haya yanamwachia mkulima hati ya hisa mkononi, yenye jina lake.

Kuhusu kiwanja, kifungu kimoja kinatosha: hati isiwekwe dhamana kwa mkopo wa biashara iliyo nje ya kiwanda hicho. Msajili wa Hazina, anayesimamia mali za Serikali kwenye mashirika, anaweza kukiandika hata leo kwenye mkataba wowote mpya wa mali ya umma, iwe ni kiwanda au shamba.

Mkataba wote uandikwe kwa Kiswahili na ubandikwe kwenye mbao za matangazo za kila kata inayolima michikichi, siku 60 kabla ya kusainiwa. Madiwani wausome kifungu kwa kifungu kwenye mikutano ya hadhara, Simbo, Mwandiga, Ujiji, Uvinza, na wabunge wetu waje wakiwa wameusoma pia. Maswali yatakayoulizwa huko yaandikwe na yajibiwe kwa maandishi kabla mtu yeyote hajashika kalamu.